Baiskeli ikikugomea katikati ya safari ndefu: soma dalili kwanza ndo ushike spana

Wadau, mada hii nimekaa nayo kichwani muda mrefu. Naona watu wanaondoka safari ya wiki 3, mwezi, wengine miezi 6, begi la vifaa limejaa spana za kila namba, lakini siku baiskeli inagoma mtu anaanza kufungua tu, anafungua hiki anafungua kile, jioni inaingia na bado hajui kibovu kilikuwa nini. Mi mwenyewe nilishafanya hivyo. Safari yangu ya kwanza ya maana nilipata pancha 3 mchana mmoja, tairi lile lile la nyuma, na zote 3 niliziba vizuri kabisa, kiraka kimeshika, upepo umejaa, naondoka, dakika 40 chini tena. Ya tatu ndo nikakaa chini nikapitisha kidole ndani ya tairi taratibuu nikakuta kiwaya chembamba kama unywele kimejichomeka kwenye mpira, kwa nje hakionekani kabisa. Yaani muda wote naziba tyubu wakati mgonjwa ni tairi.

Kwahiyo kabla hujagusa kitu chochote toka barabarani, egemeza baiskeli, kunywa maji, alafu jiulize maswali. Inatokea ukikanyaga tu au hata ukiacha kukanyaga ikawa inaserereka yenyewe? Ukikaa kwenye kiti au ukisimama? Inajirudia kila tairi likizunguka, au kila pedali ikizunguka, au haina mpangilio? Ilianza lini, baada ya shimo, baada ya mvua, baada ya kuangusha baiskeli, baada ya fundi kuigusa jana? Hayo maswali yanakula dakika 2 na yanafuta nusu ya vitu ambavyo ungefungua bure.

Pancha, hasa ile inayorudi

Ukitoa tyubu usiichanganye na tairi. Mi nina tabia ya kufunga tairi huku maandishi yake ya pembeni yakikaa sawasawa na valvu, kila siku, bila kukosa, kwa sababu nikipata tundu kwenye tyubu naipima dhidi ya tairi na najua hapo hapo mahali pa kutafuta. Jaza tyubu upepo mpaka ivimbe, ipitishe karibu na mdomo wa juu au jicho, utasikia kaubaridi, kama barabara ina kelele au kuna upepo tafuta maji uizamishe.

Sasa angalia tundu liko wapi maana ndo linakuambia chanzo. Likiwa upande wa nje, unaogusa tairi, kuna kitu kimeingia: mwiba, kioo, au vile viwaya vya chuma vinavyotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka, ambavyo pembezoni mwa barabara kuu viko vingi na ni vibaya kuliko misumari maana havionekani. Pitisha vidole ndani ya tairi pande zote mbili za kwenda na kurudi, taratibu, usije kujichana, au pitisha kitambaa laini, kikinasa mahali hapo ndo penyewe. Toa kwa ncha ya kisu au kibano.

Likiwa upande wa ndani, unaogusa rimu, acha kuhangaika na tairi. Hapo ni utepe wa rimu umesogea au umechanika, na tundu la spoku linaikata tyubu, au ncha ya spoku imechomoza. Utepe ukiwa umekufa zungushia tepu yoyote imara raundi 2 itakufikisha. Matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama meno ya nyoka, yanasema tyubu ilibanwa kati ya rimu na kitu kigumu ulipogonga shimo, na hiyo karibu kila mara maana yake upepo ulikuwa mdogo kwa mzigo uliobeba. Watu wanasahau hapa, unaongeza kilo 20 za mizigo nyuma alafu unajaza upepo ule ule wa siku unaenda dukani. Tundu likiwa kwenye shina la valvu usipoteze kiraka, hakishiki pale, weka tyubu nyingine. Hiyo mara nyingi inatokana na kusafiri upepo ukiwa mdogo mpaka tairi linateleza juu ya rimu na kuivuta valvu, au kupampu kwa pupa huku valvu inayumbishwa.

Na kama hakuna tundu kabisa ila asubuhi unakuta imeisha upepo? Valvu yenyewe. Paka mate kwenye mdomo wa valvu uone kama inatoa povu. Kaza kiini chake, au kama ni ya aina ya zamani yenye kimpira cha kuvaa ndani, kimpira kimechoka, badilisha.

Kuziba kwenyewe najua mnajua ila kosa moja naliona kila siku: mtu anapaka solusheni anabandika kiraka hapo hapo ikiwa mbichi. Hapana. Piga msasa eneo kubwa kuliko kiraka mpaka mng'ao uishe, paka solusheni nyembamba, subiri dakika 5 hivi mpaka ikaukie, ikiguswa isishike kidole kama maji, ndo ubandike na ukandamize kwa nguvu. Solusheni ikishafunguliwa inakauka yenyewe ndani ya tyubu yake hata kama umefunga kifuniko, kwahiyo kwa safari ndefu beba vitatu vidogo ambavyo havijatobolewa kuliko kimoja kikubwa.

Tairi likichanika pembeni mpaka tyubu inachungulia, kiraka cha tyubu hakisaidii maana tyubu itajisukuma nje hapo na kupasuka. Unahitaji kitu kigumu kisichovutika kukaa ndani kati ya tairi na tyubu: kipande cha tairi kuukuu, kipande cha tyubu ya dawa ya meno iliyooshwa, plastiki ya chupa iliyolainishwa kingo, hata noti iliyokunjwa. Punguza upepo kidogo, na tairi la mbele na la nyuma ubadilishane kama lililochanika ndo la nyuma, ili mzigo mkubwa uende kwenye tairi zima. Ila kama mpasuko ni mkubwa usilipeleke mbele kabisa, tairi la mbele likilipuka kwenye mteremko unaanguka, la nyuma likilipuka una nafasi ya kulimudu.

Wanaotumia matairi yasiyo na tyubu, yale ya maji ya kuziba, nanyi mna mtego wenu. Siku maji yameshindwa na umeamua kuweka tyubu, toa kwanza kila mwiba ulioko kwenye tairi. Tairi hilo linaweza kuwa limebeba miiba kibao kwa wiki nyingi bila wewe kujua kwa sababu maji yalikuwa yanaziba, ukiweka tyubu juu yake hufiki mbali.

Alafu saizi. Kabla hujaondoka soma namba ndogo kwenye ubavu wa tairi, ile yenye mfumo wa 37-622 au 50-559. Namba ya pili ndo kipenyo cha kweli cha rimu kwa milimita na ndo pekee ya kuamini, maana kuna tairi mbili zote zinaitwa inchi 26, moja ni 559 nyingine 590, na haziingiliani hata ufanyeje. Vile vile valvu nene haiingii kwenye rimu iliyotobolewa kwa valvu nyembamba, tundu la nyembamba lina milimita 6 na nusu hivi tu. Nyembamba kwenye tundu la nene inaingia, ukiweka kijipete cha kuziba nafasi.

Gurudumu limeanza kucheza densi

Umesikia "ting" alafu rimu inagusa breki upande mmoja kila ikizunguka. Spoku imekatika. Mara nyingi ni gurudumu la nyuma, upande wa kaseti (lile rundo la meno ya gia za nyuma), pale kwenye kona inapoingilia habu, yaani kitovu cha gurudumu. Sababu ni kwamba nyuma ndo kuna uzito, na kwa vile kaseti inachukua nafasi, spoku za kulia zinasimama wima zaidi na zimekazwa kuliko za kushoto. Kila mzunguko spoku inalegea kidogo ikifika chini na kukaza ikipanda, mara maelfu kwa siku, na ile ambayo haikukazwa sawa na wenzake inachoka mapema.

Kwa hapo barabarani: spoku iliyokatika itoe, au izungushie kwenye jirani yake isipige fremu. Kama iliyokatika ni ya kulia, rimu imevutwa kushoto pale, kwahiyo legeza nipeli (vile vinati vidogo vinavyokaza spoku kwenye rimu) za spoku 2 za kushoto zilizo jirani nayo, robo mzunguko, angalia, robo tena. Sio zaidi. Mwelekeo unawachanganya wengi: fikiria unaitazama nipeli kutokea upande wa tairi kama unashika bisibisi, kulia inakaza kushoto inalegeza. Kama breki ni za rimu zifungue kidogo zisiguse. Gurudumu la spoku 36 likikosa moja linatembea vizuri tu hadi mahali pa kutengenezea, la spoku 32 pia, ila za spoku chache chache zinapinda vibaya sana.

Kuweka spoku mpya upande wa kaseti ndo kazi, lazima kaseti itoke, na kaseti haitoki bila kifaa chake. Kwahiyo beba kile kifaa, ni kidogo kinaingia kiganjani, hata kama huna spana kubwa ya kukizungushia utaazima njiani, spana kubwa ziko popote penye mtu anayetengeneza magari au mashine, kifaa chenyewe ndo hukipati. Na spoku za akiba zifunge kwa tepu kwenye fremu, urefu wa mbele, wa nyuma kushoto na wa nyuma kulia ni tofauti, zinapishana milimita chache na hizo milimita zinajalisha.

Sasa hapa ndo pa kusoma dalili. Spoku moja kukatika baada ya maelfu ya kilomita, sawa. Ya pili ikikatika ndani ya wiki hiyo hiyo acha kubadilisha moja moja, gurudumu zima halikukazwa sawa. Zibane mbili mbili kwa vidole ukizunguka, au zigonge kwa kucha usikilize, za upande mmoja zinapaswa kutoa sauti inayokaribiana, ukikuta moja inalia juu na jirani yake inafanya "dup" umepata jibu. Pia angalia spoku za kulia zina mikwaruzo karibu na kaseti? Basi cheni iliwahi kudondokea nyuma ya kaseti na kuzikata nusu, zitaendelea kukatika moja baada ya nyingine hadi ubadilishe zote zenye alama, na chanzo chenyewe kiko kwenye gia, nakuja huko.

Angalia na rimu yenyewe. Nyufa ndogo kuzunguka matundu ya nipeli, au ubavu wa rimu uliolika hadi umekuwa na bonde ukipitisha kidole (kwa breki za rimu), hiyo rimu inakuaga kwaheri. Punguza upepo, punguza mwendo, na usishuke nayo milima.

Cheni inaruka, gia hazikai

Hili ndo eneo linalodanganya kuliko yote maana dalili moja, "inaruka", ina vyanzo vinne au vitano.

Inaruka kidogo hata ukikanyaga polepole, kama inataka kwenda gia nyingine alafu inarudi: waya wa gia. Kama inachelewa kupanda kwenda meno makubwa ya nyuma waya umelegea, zungusha kile kirekebishaji waya unapoingilia kwenye dereila (kile kimkono cha nyuma kinachohamisha cheni) kinyume cha saa nusu raundi, jaribu tena. Kama kupanda ni sawa ila kushuka kwenda meno madogo ndo inachelewa, waya unakwama ndani ya ganda, uchafu au kutu, na hapo hata ukizungusha kirekebishaji mpaka kesho haitakaa sawa, toa waya futa au badilisha na ganda lake.

Inaruka mara moja kwa mpangilio, kila mizunguko miwili na nusu hivi ya pedali: pingili moja ya cheni imekaza. Zungusha pedali kinyumenyume taratibu utazame cheni ikipita kwenye vile vigurudumu viwili vya dereila, ile pingili itaruka kama goti lisilokunjika. Mara nyingi ni pale ulipounganisha cheni jana. Ishike pande zote mbili uikunje kwa ubavu kushoto kulia, tone la oili, kwisha.

Inaruka ukikanyaga kwa nguvu tu, kwenye kilima, na kwenye meno fulani ila mengine yako sawa: meno yameisha. Hasa kama umetoka kuweka cheni mpya. Cheni ya zamani ilikuwa imerefuka ikala meno yakafuata umbo lake, mpya haikai tena. Hakuna marekebisho, tumia gia ambazo hukuzitumia sana mpaka upate kaseti. Ndo maana pima cheni njiani, huhitaji kifaa, rula inatosha: pingili 24 za cheni mpya, katikati ya pini mpaka katikati ya pini, ni milimita 304.8. Ikifika 306.3 badilisha na kaseti inapona. Ikifika 308 kaseti na yenyewe karibu imeenda, hapo wengine wanaamua kuendelea na vyote viwili vilivyozeeka mpaka mwisho wa safari, na mi naona ni uamuzi halali kabisa, vikizeeka pamoja vinaelewana.

Ghafla gia zote zimevurugika baada ya baiskeli kuanguka upande wa kulia au kufungwa vibaya juu ya basi: hanga imepinda. Ni kile kipande kidogo cha alumini kinachoshika dereila kwenye fremu, kimetengenezwa kiwe laini ili kipinde chenyewe fremu ipone. Simama nyuma ya baiskeli uangalie kama vigurudumu vya dereila viko wima sambamba na meno. Vikiwa vimeingia ndani USIENDE gia ya meno makubwa kabisa, dereila itaingia kwenye spoku, itajikunja, itavunja spoku kadhaa na safari imeishia hapo. Ndo ile mikwaruzo niliyosema. Watu wengi hapa wanakimbilia kuzungusha skrubu za H na L, zile zinazoweka mwisho wa dereila upande wa meno madogo (H) na makubwa (L), na hizo skrubu ni nadra sana kusogea zenyewe, kama jana zilikuwa sawa leo tatizo sio hizo. Unaweza kuinyoosha hanga kwa mkono, alenki ikiwa imechomekwa kwenye bolti ya dereila, kidogo kidogo, ila alumini haipendi kukunjwa mara mbili. Beba ya akiba. Kila fremu ina ya kwake, ya mwenzako mara nyingi haitaingia.

Cheni ikikatika kabisa, toa pingili iliyoharibika kwa kifaa cha kusukumia pini, unganisha kwa ile pingili ya kufunga kwa mkono (iwe ya idadi ya gia zako, ya 9 haiingii kwenye 11). Cheni imekuwa fupi sasa kwahiyo usiweke kubwa mbele na kubwa nyuma kwa pamoja.

Waya wa gia ukikatika, na mara nyingi unakatikia ndani ya kishikio cha kubadilishia, kichwani kwake, dereila ya nyuma inarudi meno madogo kabisa, gia nzito, na mbele yako kuna mlima. Isukume dereila kwa mkono mpaka meno ya katikati, alafu kaza skrubu ya H ishikilie pale, au ule waya uliobaki uvute uufunge chini ya bolti ya chupa ya maji. Una gia 2 au 3 za kuchezea mbele, unafika.

Dereila ikifa kabisa fupisha cheni uipitishe moja kwa moja, meno ya mbele na ya nyuma ambayo yanaipa cheni mstari ulionyooka. Iwe imekaza, maana ikilegea itapanda yenyewe kwenda meno makubwa na kukwama. Kanyaga taratibu, nguvu zote ziko kwenye hiyo pingili.

Breki

Hapa sibembelezi mtu. Breki ikikosea unasimama, hata kama giza linaingia, hata kama wenzako wako mbele.

Kishikio kinaenda mpaka chini kwenye breki za waya: pedi zimeisha au waya umeteleza kwenye bolti. Kaza kirekebishaji, kisipotosha legeza bolti vuta waya. Ukiona nyuzi za waya zimeanza kuchanika pale unapoingia kwenye kishikio, badilisha leo, hautakupa onyo lingine. Kwenye disk za waya pedi ya ndani haisogei yenyewe, ina skrubu yake, watu wanakaza waya wiki nzima bila kujua.

Breki za majimaji zikawa laini kama unabonyeza sponji, kuna hewa imeingia. Zikawa zinakuja vizuri ukipampu mara kadhaa alafu zinapotea, vile vile. Na kama tatizo limeanza baada ya baiskeli kukaa kichwa chini miguu juu wakati unaziba pancha, ni hewa iliyokuwa imekaa kwenye tangi la kishikio imeingia kwenye mpira wa mafuta, isimamishe wima, funga kishikio kwa kamba usiku kucha, mara nyingi asubuhi zinakuwa zimerudi angalau kiasi. Ukifika pa kuongeza mafuta soma imeandikwa nini kwenye kishikio: zinazotumia DOT (mafuta ya breki kama ya magari) zinatumia DOT na zinazotumia mafuta ya madini hivyo hivyo, ukichanganya sili za ndani zinavimba na breki nzima imekwisha. Gurudumu likiwa limetoka usibonyeze kishikio, weka kikadi katikati ya pedi.

Kelele kali na breki haishiki: mafuta yamegusa disk, labda ulipaka cheni oili kwa spreya. Futa disk kwa spiriti, pedi zipige msasa, zikiwa zimenyonya mafuta sana tupa. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma, hapo pedi zimeisha, ikibaki chini ya milimita 1 ni ya kubadilisha na siku moja ya matope na miteremko inaweza kuimaliza. Kwa breki za rimu toa pedi uziangalie, utakuta vipande vya alumini vimeng'ang'ania kwenye mpira, vichokonoe kwa ncha ya kisu la sivyo vinakula rimu.

Mteremko mrefu na mzigo, usishike breki mfululizo. Bana kwa nguvu, achia, bana, achia. Rimu ikipata moto sana tyubu inalipuka, na breki za majimaji zikichemka kishikio kinaenda hadi chini bila kitu.

Kelele na vitu vinavyolegea

Kelele ya "kwiki kwiki" simama kwenye pedali. Ikiisha ni kiti au nguzo yake, toa, futa, paka grisi. Ikiendelea acha kukanyaga userereke, ikiisha ni pedali, krenki (ule mkono unaoshika pedali) au beringi za krenki. Pedali ya kushoto thredi zake ziko kinyume, inakazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa, nimeona mtu anaisukumia vibaya mpaka thredi za krenki zinatoka kama nyuzi.

Krenki ya kushoto ikianza kucheza, hata kidogo, shuka. Zile za ekseli ya pembe nne tundu lake ni alumini na ekseli ni chuma, ukiendesha ikiwa imelegea kilomita chache tu tundu linakuwa duara na haitakaza tena maisha yake yote. Ikishatokea, kata kipande cha kopo la soda ukiweke katikati kama kabari, kaza kwa nguvu zako zote, na kila baada ya muda kaza tena.

Keria ndo mgonjwa wa kimya wa safari ndefu. Bolti zake zinatikisika siku nzima na mzigo juu, inalegea moja, iliyobaki inabeba yote, inakatika, keria inaangukia tairi. Mi nazikagua kila asubuhi kwa mkono kabla sijafunga mabegi, zote 4. Ikipotea moja chukua bolti ya kishikio cha chupa, kwa kawaida ni saizi ile ile, M5. Ikikatikia ndani ya tundu na huwezi kuitoa, klipu za kukazia mipira ya maji zinabana mguu wa keria kwenye fremu vizuri kuliko zip-tai.

Usukani unatetemeka ukishika kasi, baiskeli nzima inapepesuka: usibane breki kwa ghafla. Bana fremu kwa magoti, sogeza uzito, punguza polepole. Alafu chini ya mlima angalia beringi za usukani kwa kubana breki ya mbele na kuitikisa mbele nyuma, ikigonga "tok tok" kaza. Ikiwa sawa basi ni mzigo, umejaza kila kitu nyuma na juu, hamishia mbele na chini.

Pedali inazunguka bure

Unakanyaga, cheni inazunguka, kaseti inazunguka, gurudumu halijali. Vile vimeno ndani ya habu vimekwama na uchafu au grisi nzito, kwenye baridi kali inatokea sana. Laza baiskeli, dondoshea oili nyepesi nyuma ya kaseti, zungusha kwa kurudi nyuma, gonga gonga kwa mpini wa bisibisi, mara nyingi vinaamka. Dalili yake huwa inakuja mapema, siku kadhaa kabla, cheni inalegea juu ukiacha kukanyaga, ukiona hivyo usisubiri.

Visipoamka kabisa funga meno makubwa ya kaseti kwenye spoku kwa zip-tai au waya, sehemu 6 au zaidi, sawasawa kuzunguka. Baiskeli inatembea, ila sasa pedali hazitaacha kuzunguka hata kwenye mteremko, kwahiyo ukishuka mlima teremka utembee.

Fremu na foku

Ufa unaanza kama mstari mwembamba kwenye rangi, karibu na maungio, kwenye chuma unaambatana na kutu. Ukiwa unafuta baiskeli jioni pitisha macho pale keria inaposhikana na fremu, chini ya usukani, kuzunguka beringi za krenki. Chuma kinachomelewa na mtu yeyote anayejua kuchomelea vyuma vyembamba. Alumini nayo inachomelewa ila sehemu iliyopata moto inapoteza nguvu, ichukulie kama ya kukufikisha tu. Kaboni iliyopasuka usiiendeshe tena, tembea. Bomba la fremu likipasuka mbali na msaada weka vigingi vya hema pande zote kama bandeji ya mfupa, bana kwa zile klipu za mipira ya maji, punguza mzigo wote uwezao, sukuma kwenye miteremko.

Foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, ni habari nyingine. Mwaka 1913 kwenye mashindano ya baiskeli ya Tour de France, mwendeshaji Eugène Christophe alivunjikiwa foku akishuka mlima wa Tourmalet, akabeba baiskeli zaidi ya kilomita 10 hadi kijijini Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi akaiunga mwenyewe kwa moto na nyundo maana sheria ilikataza msaada, na bado wakampa adhabu kwa sababu kijana mmoja alimvutia mivukuto. Kilichonikaa mimi ni ile kwamba alitembea. Hakufunga kamba, hakujaribu kuendesha polepole. Foku ikiwa na ufa, hata mdogo, hata imebaki kilomita 5, hakuna zip-tai ya kuifunga, shuka, tembea, omba lifti.